Kitabu Kilichochelewa

Nimekaa kaunta ya maktaba ya chuo, Bergen,
miaka kumi na tisa. Ninajua nani anakunja kurasa,
nani anarudisha kitabu kina makombo ya mkate.
Sikujua kwamba mtu anaweza kuazima paa.

Matilde Caal alikuja Januari, mvua ikinyesha kiubavu,
viatu vya turubai, sanduku lisilofungika,
na ndani yake madaftari ya shule kumi na moja
yenye picha ya kasuku jaladani.
Majina. Nyumba zilizochomwa, tarehe, saa,
nani alishika kiberiti, nani alishika karatasi ya mahakama.
Bonde zima la michikichi kwa mwandiko wa penseli,
kwa sababu wino, alisema, ukilowa hukimbia.

Baraza lilikaa saa tatu kutafuta neno.
Si mwanafunzi: hana cheti cha sekondari.
Si mkimbizi: hakuomba.
Mkuu wa fedha akauliza kama kuna fomu.
Profesa Ulvestad wa sheria, asiyepandisha sauti,
akapandisha: "Andikeni mtafiti.
Nani humu ametafiti kitu mpaka kikataka kumuua?"
Wakaandika mtafiti.
Nikampa kadi. Pichani amefumba jicho moja.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe letu lilikuwa mashine ya kunakili kurasa.
Chumba cha chini, mimi na yeye, wiki sita,
kama watu wanaochambua mchele.
Alipofika jina la kaka yake hakusimama.
Aliweka kidole, akavuta pumzi, akageuza.
Sasa majina yale yametunzwa nchi tatu,
yana namba za rafu kama wafalme, kama wadudu.
Moto ukija tena utakuta yameshahama.

Nisikipambe chuo. Ukumbi mkubwa wa uhandisi
una jina la kampuni inayonunua mafuta ya bonde lile.
Alilisoma mlangoni, herufi kwa herufi,
akauliza choo kiko wapi.
Barua ya kampuni ilikuja Machi, ya adabu, karatasi nzito.
Mkuu wa chuo aliijibu baada ya siku arobaini;
sijui alikuwa akitafuta ujasiri au anwani.
Lakini alijibu: anabaki. Mistari miwili.
Jina la kampuni nalo limebaki.

Eirik, mwaka wa kwanza, masikio mekundu, akauliza darasani:
"Huogopi?" Mkalimani akameza mate.
"Hofu ni kama mvua yenu," akasema.
"Ukingoja ikatike hutoki. Tafuta viatu."
Kesho yake nikakuta buti mlangoni pa ofisi yake,
jozi saba, kila saizi.

Desemba pesa zikaisha.
Chuo hakina mwezi wa kumi na tatu.
Sote tulisema baki. Ulvestad alileta mawakili, fomu, supu.
"Mwavuli ni mwavuli," akasema Matilde. "Hauhamiwi."
Akarudi kwao na kitabu kimoja cha sheria za ardhi,
ameazima kwa utaratibu. Sikukidai.

Mashine yetu hutuma ukumbusho kila tarehe mosi:
Kitabu ulichoazima kimechelewa. Rudisha au eleza.
Na tarehe mbili, kwa kuchelewa sana tatu, hujibu:
Bado nasoma.
Namwonyesha Ulvestad, naye hulala.
Hatuna bunduki. Tuna orodha ya wanaodaiwa.
Faini imefika krona elfu sita; bosi wangu ameiona,
akaniambia tu nizime taa nikitoka.

Leo ni tarehe tisa.
Nimefungua barua mara nane tangu asubuhi.
Eirik, sasa wakili mwenye ndevu haba,
ameegemea kaunta, hajavua koti.
Ulvestad yuko kwenye simu na ubalozi kule Guatemala,
anataja jina, analitaja tena,
herufi kwa herufi.
Saa ya kufunga imepita.
Sifungi.